Vidonge vya Matanga

Vijana wangu, kwanza mjue kwamba anayewaandikia haya ni mwoga. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Muulizeni mke wangu: mlango ukigongwa, mimi humtuma yeye. Nimeogopa mbwa, nimeogopa ziwa linapochafuka, nimeogopa mlio wa risasi na nimeogopa kimya kinachoufuata. Na bado nimefanya uuguzi hapa Uvira hadi nikazeeka. Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, ile mnayoianza ninyi sasa, ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wenye maumivu yasiyokwisha wanakunywa dawa gani, wanalala namna gani, na moyoni kukoje. Ofisini wanaita utafiti. Mitaani waliniita Papa Maswali.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nawaambia hivyo kwa sababu mmoja wenu alinijia juzi akasema kazi hii haina hatari, ni kubonyeza simu na kusema aksanti. Nilimwonea huruma. Mtu aliyekaa mbele yako na mfuko wa dawa mapajani anaweza kufa kwa kilichomo ndani ya mfuko ule, na pia anaweza kufa kwa sababu umemnyang'anya ghafla. Kama hilo halikuogopeshi, tafadhali nenda ukauze simu badala ya kuzibonyeza.

Aliyenifundisha ni Dokta Riziki, mkuu wa utafiti wetu, mama mfupi mwenye sauti kubwa, mtu wa Bukavu, ambaye sikuwahi kumwona amekaa kwenye kiti zaidi ya muda wa kufunga kamba za viatu. Siku ya kwanza nilimfuata hadi mtaa wa Songo, kwa mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Nikajifanya hodari, nikauliza kama tulivyoandikiwa: "Papa, unakunywa dawa gani?"

"Moja tu," mzee akajibu. "Ile ya magoti."

Nikaandika moja. Dokta Riziki akanitazama kama anayetazama samaki wa ndagala waliolala siku mbili juani, kisha akamwomba mke wa mzee atandike kitenge juu ya mkeka. "Mutuletee dawa yote ya hii nyumba," akasema. "Yote. Hata ile ya mugeni mwenye alisahau."

Wakaleta. Dawa zilitoka kwenye kikapu, chini ya godoro, mfukoni mwa koti la Jumapili, hata ndani ya kopo la chumvi. Zilikuwepo za mzee, za mkewe, za mkwe wao, na vilikuwepo vidonge vikubwa vyeupe ambavyo mzee alivisifu kuliko vyote. Alikuwa amepewa na shemeji yake wa Nyakabere, kule bondeni Ruzizi, mfugaji. Vilikuwa vya minyoo ya ng'ombe.

"Na vilikusaidia nini, papa?" Dokta akauliza bila hata kutabasamu.

"Nguvu," mzee akasema.

Tulipofika barabarani nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama niliona kapsulu za njano na zile za kijani. Nikasema niliziona. "Ni kitu kimoja," akasema. "Ni tramado, dawa ya maumivu, imebadilisha nguo tu. Yule mzee anafikiri akinywa ya kijani anapumzika ya njano." Nikaacha kucheka. Tangu siku ile sikumuuliza tena mtu anakunywa nini. Nilimwambia atandike na amwage.

Kuna kingine mtakachokutana nacho, na kitawatesa. Simu zenu zitawaambia mumuulize mgonjwa maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Mama mmoja alinijibu, "Weye uko unauza?" Mwingine akasema kumi na tano, kwa sababu jirani yake alikuwa amesema kumi. Achaneni na hesabu kwanza. Ulizeni maumivu yamemnyima nini. Hawezi kuinama kuosha sahani? Hawezi kubeba mtoto? Hawezi kukaa kanisani hadi mwisho? Hapo mtu anaanza kusema, na akianza kusema kuhusu mgongo, mara nyingi mwisho wake ni hapa kifuani. "Nina mawazo mingi," wanasema. Msiandike haraka kwamba ni mawazo tu. Katika mji ambapo watu wamelala wamevaa viatu miaka na miaka, wakisubiri kukimbia, mwili na mawazo vimefungwa kamba moja.

Sasa nije kwa Mama Faida wa Makobola, maana yeye ndiye sababu ya kuandika.

Mama Faida alikuwa muuza samaki. Alinunua ndagala pale ufukweni, akakausha, akapandisha magunia kwenye lori kwenda kuuza mjini. Siku moja lori liliruka shimo kwenye barabara ya Fizi, naye akaanguka kutoka juu ya mzigo. Hakuvunjika, lakini mgongo haukumsamehe. Jirani akampa kapsulu moja, ikamtuliza. Akatafuta ya pili mwenyewe. Tulipomkuta sisi, alikuwa anameza asubuhi ili ainuke, mchana ili abebe, jioni ili akae. Usiku, kwa kuwa usingizi ulikuwa umemkimbia, alimeza kidonge kidogo cha diazepamu kilichouzwa kimoja kimoja sokoni kwa jina la "ya kulaza".

Niwaeleze hizi mbili polepole, maana ndizo zitakazowafanya msilale ninyi. Tramado ni ya maumivu makali. Diazepamu inatuliza na kuleta usingizi. Kila moja peke yake, kwa kipimo chake na kwa muda wake, imewasaidia wengi. Zikikutana nyingi mwilini, mwili unasahau kupumua. Mgonjwa hapigi kelele. Hashiki tumbo, hatapiki damu, haombi msaada. Analala, basi, na wanaompenda wanafurahi kwamba amelala.

Na usidhani dawa yake ni kumwambia aache leo. Mwili uliozoea ukinyang'anywa ghafla unaasi: jasho, mtetemo, hata degedege. Kwa hiyo Dokta Riziki alimpunguzia Mama Faida kidogo kidogo, wiki kwa wiki, akamfundisha namna ya kunyoosha mgongo na kugawa mzigo, na mimi nilikuwa nakwenda kumtembelea. Tulimwambia asichanganye, naye alielewa vizuri. Alikuwa amefika mahali pazuri. Mchana alikuwa hamezi tena. Alianza hata kunitania kwamba mimi ndiye nimezidi kuinama.

Kisha mumewe akafa. Mzee mwenye afya, mpasua mbao, aliumwa kichwa asubuhi na jioni hakuwepo. Nilipata habari kwa simu, siku ya pili ya matanga. Nilihuzunika, lakini sitawadanganya kwamba yote yalikuwa majonzi. Nilimwogopea yule mama. Nikapanda pikipiki baada ya chakula cha mchana nikashuka Makobola.

Mnajua matanga yalivyo. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, na kwaya ya mtaa ilikuwa inaimba. Wanawake walikuwa ndani na mjane. Nilisalimia, nikatoa pole, nikakaa kidogo kama adabu inavyotaka. Nikaenda mlangoni kumwuliza Mama Sifa, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyeshika nyumba siku zile.

"Mama Faida anaendeleaje?"

"Iko analala," akasema, na uso wake ulikuwa na nafuu. "Mungu asifiwe. Tangu juzi hakufunga macho. Alilia mpaka sauti ikaisha. Leo njo amelala."

Na hapo nikausikia. Mkoromo. Ulitoka nyuma ya pazia, mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sementi. Wasichana wawili waliokuwa wakiosha vikombe walichekelea kidogo. Kisha mkoromo ukakatika. Nikavuta pumzi yangu, nikaitoa. Nikavuta tena, nikaitoa. Nilikuwa kwenye ya tatu ndipo nikasikia kiti kile kinaburutwa tena.

Vijana, kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote. Mtu aliyechoka anaweza kukoroma, ndiyo. Lakini mtu aliyekunywa dawa hizi akikoroma hivyo, na pumzi yake ikachelewa hivyo, huyo hajapumzika. Anazama mbele yenu pakavu.

"Mama Sifa, niache niingie nimuone."

"Humu?" Akanyoosha mkono akaziba mlango. "Papa Maswali, weye ni mwanaume. Mujane iko ku godoro ya matanga. Hata kaka yangu mwenyewe hawezi kuingia humu mpaka tumuzike bwana yake. Mumuache alale."

Wanawake nyuma yake wakaitikia. Muache alale. Amelia sana. Muache, papa, kesho utamuuliza maswali yako.

Nilitaka kurudi kwenye kiti changu. Nasema kweli. Miguu ilikuwa tayari imegeuka. Pale nje palikuwa na wanaume wa ukoo, wasionijua sana, na mjane wa ndugu yao hachezewi. Kama ningeingia na kumkuta amelala usingizi wa kawaida, ningetoka pale bila meno. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema, na mimi nimeishi kwa methali hiyo. Lakini hofu ya wale wanaume ilikuwa ndogo kuliko hofu ya kile kimya kati ya mkoromo na mkoromo. Ndivyo ilivyokuwa: hofu kubwa ilimeza ndogo. Kama kuna mtu anaita hilo ushujaa, aite.

"Nani alimpa kitu cha kumlaza?" nikauliza kwa sauti.

Mama mmoja mnene, jirani, akasema bila wasiwasi, "Minye. Nilimupa kamoja tu. Alikuwa ananihurumisha."

"Kamoja tu," akasema mwingine, "na minye asubuhi nilimupa kamoja."

"Siye wa kwaya tulifika saa sita, nikamutilia kamoja mu mukono."

Kisha wakaanza kutazamana. Hapa kwetu hakuna anayekwenda kwa mfiwa mikono mitupu. Zamani ilikuwa unga, kuni, kipande cha sabuni. Unamshika mkono, unamwachia kitu kiganjani, unalia naye, unampisha mwingine. Miaka hii, kwa kuwa kila nyumba ina mtu asiyelala, wanawake wameongeza juu yake kidonge. Wanakitoa kwenye fundo la kitenge chao wenyewe, kile walichojiwekea kwa usiku wao. Ni sadaka kubwa. Kila zamu ya wafariji ilikuja, ikatoa, ikaondoka, na zamu iliyofuata haikujua.

"Mufungue mafundo," nikasema. "Mumwage hapa chini. Yote."

Mama Sifa alikuwa bado ameziba mlango, lakini alitazama chini wakati mafundo yanafunguliwa. Vidonge vikaanguka chini kimoja baada ya kingine: vidogo vyeupe, vidogo vya bluu, kapsulu za njano, kapsulu za kijani. Niliwaambia kwamba karibu vyote ni dawa mbili tu, na kwamba kila "kamoja" kiko tumboni mwa Mama Faida sasa hivi pamoja na vyenzake. Mama mnene akaweka mkono mdomoni. Mama Sifa akatoa mkono wake mlangoni.

Nikaingia. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya watu wengi. Mama Faida alikuwa amelala chali, kidevu kimeangukia kifuani, midomo rangi ya majivu. Nikamwita kwa jina. Hakuna. Nikamfinya sikio. Hakuna. Nikakunja ngumi nikamsugua mfupa wa kifua kwa nguvu, na wanawake wakapiga kelele, "Iko anapiga mujane!" Mama Faida aliguna kidogo, mbali sana, kama aliyeitwa kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa.

Nikamwinua kidevu, nikasukuma kichwa nyuma kidogo, ili ulimi usizibe koo. Mkoromo ukakoma mara moja. Hapo chumba kizima kililipuka kwa kilio, kwa sababu wao walidhani ndiyo amekata roho. Kumbe ndiyo kwanza njia imefunguka. Nilijaribu kueleza lakini nani anasikia? Nikainama sikio langu puani mwake. Pumzi ilikuwa inakuja, lakini ilikuja kama mtu anayefikiria kama aje au asije. Haikutosha. Sikuwa na mpira wa kupulizia hewa, sikuwa na kitu. Nikaziba pua yake nikampulizia mdomo kwa mdomo, mbele ya wifi zake wote, kwenye godoro la matanga. Nikasubiri kifua kishuke, nikampulizia tena. Machozi yalikuwa yananitoka kwa woga, nilikuwa nasema ovyo kati ya pumzi na pumzi, "Mama usiende, mama usiende," na jasho langu lilikuwa linamdondokea usoni.

Ni Mama Sifa aliyesimama mlangoni akawazuia wanaume waliokuja mbio. "Acheni," akawaambia. "Iko anamusaidia."

Midomo ilipopata rangi kidogo tukamtoa. Gari halikuwepo. Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva, mimi nyuma. Kutoka Makobola hadi mjini si mbali mkienda kula harusi. Siku ile barabara ilirefuka. Nilikuwa sioni uso wake, kwa hiyo nilipitisha mkono mmoja nikamshika chini ya mbavu nisikie kama kifua kinapanda, na mwingine nikamshikilia kidevu juu. Kila kiganja changu kilipokosa kusikia kitu nilimfinya, nikamwita, nikamfokea kwamba samaki wake wanaoza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa akishtuka na kuvuta hewa, kisha anaanza kwenda tena.

Kwenye bariera tulisimamishwa. Kijana mwenye bunduki alituzunguka. "Huyu amelewa?"

"Hapana, chefu. Ni mujane. Alimezwa na usingizi wa vidonge. Anaacha kupumua."

"Vidonge gani?"

Nikamtajia. Mkono wa yule kijana ukapanda polepole ukagusa mfuko wa shati lake, upande wa moyo, ukakaa hapo. Sikumuuliza kilichomo mfukoni, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu. Akainua kamba. "Pita," akasema, na tulipopita akapaza sauti, "Papa, ataamuka?" Nikasema sijui.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamlaza ubavu, wakakaa naye. Umeme ulikatika mara moja, na kwa muda wote uliochukua jenereta kuwaka nilikuwa nimeshika kifundo cha mguu wake kana kwamba ndipo pumzi inapoingilia. Hawakunifukuza. Hadi kunapambazuka alikuwa anapumua mwenyewe.

Niruke niwaambie yaliyofuata, kisha nitarudi kwenye asubuhi hiyo. Tulipowaeleza wanawake wa Makobola, mama mnene aliugua hata akapata homa. Alirudia siku nyingi kwamba alikuwa ametoa usingizi wake mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu, na ninyi msije mkalaumu watu kwa mapendo yao, mtafungiwa milango. Dokta Riziki alikuja akakaa nao chini, na wao wenyewe wakapata njia: matanga yakianza anachaguliwa mama mmoja, na yeyote mwenye kidonge cha kumpa mfiwa anamkabidhi yeye, si mfiwa. Yeye hampi mtu. Anavishika tu, na baada ya mazishi vinapelekwa kituo cha afya. Wanamwita mama wa mafundo. Si kila mtaa umefuata. Kuna mahali wametucheka. Sisi nasi tuliongeza swali kwenye kazi yetu, linalouliza nani mwingine anakupa dawa, na mtashangaa majibu yake. Mama Faida yupo, anauza ndagala, mgongo bado unamuuma, na kuna wiki ambazo tunarudi nyuma naye. Nisiwauzie muujiza.

Lakini asubuhi ile.

Alifungua macho jua limeshaingia dirishani. Akaangalia dari, akaangalia mpira wa oksijeni, akaniangalia mimi. Nilitegemea atalia, au ataniuliza yuko wapi. Alisema kwa sauti iliyokauka, "Kwa nini uliniamusha?"

Nikaanza kueleza habari za dawa kuchanganyika. Maneno yalinitoka mengi, ya kitaalamu, mazuri. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananitazama kwa hasira iliyotulia, na polepole nikaelewa kwamba ninasema sana kwa sababu ninaogopa kuuliza.

Kuna swali katika kazi hii ambalo wote tunalikimbia. Watu wanadhani ukilitaja utaliingiza kichwani mwa mgonjwa. Dokta Riziki alikuwa ametufundisha kwamba si hivyo. Likiwepo, lipo tayari, na aliye nalo amelibeba peke yake. Nilijua hayo yote, na bado mdomo ulikuwa mzito kuliko pale nilipokuwa nampulizia hewa. Mwisho nililisema jinsi lilivyo, bila kulivika nguo.

"Mama Faida, ulitaka kufa?"

Alifunga macho. Nilidhani nimeharibu.

"Ile ya kwanza, hapana," akasema. "Nilitaka kulala tu. Ya pili, sijui. Kisha waliendelea kuja. Kila mama ananitilia mu mukono, analia, anaenda. Na nyinyi mulishanifundisha, Papa Maswali. Minye nilijua. Ile ya mwisho nilimeza nikijua. Niliona njia imefunguka yenyewe. Nilisema, hakuna muntu atasema Faida alijiua. Watasema walinipenda."

Miaka yangu yote nilikuwa nimeogopa vitu vinavyotoka nje: risasi, maji, ugonjwa. Sikuwahi kuogopa kama nilivyomwogopa mwanamke huyu mdogo mwenye sauti ya upole, kwa sababu kitu nilichotaka kumkinga nacho kilikuwa ndani yake, na angetoka nacho hospitalini, na dawa zipo kila kona.

"Ninaogopa," nikamwambia. Halikuwa jibu la kitaalamu.

"Unaogopa nini?"

"Nakuogopea weye."

"Basi ikala hapa," akasema.

Nikakaa. Nikasogeza kiti karibu na kitanda. Baadaye ningeita Dokta Riziki, na Mama Sifa, na tungepanga nani analala naye na nani anashika dawa. Wakati ule nilikaa tu. Akageuka ukutani, mabega yakaanza kutikisika, kisha sauti ikatoka, ya juu, ya kupasua, akimwita mumewe kwa jina la nyumbani. Kilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa leo. Vitanda vya jirani vikaamka. Muuguzi wa zamu akaja mbio, akachungulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama alete sindano ya kumtuliza.

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Muache alie."